Vigingi vya Utepe Mwekundu

Kabura alikuwa na nguo nne za kwake na picha mia sita za nguo. Nyingi kati ya zile alizoonekana nazo mtandaoni zilikuwa za kuazima, au za mitumba alizovaa asubuhi moja, akapigwa picha, akazifua na kumuuzia msichana mwingine aliyezitamani kwenye simu. Ukitaka kumcheka, mcheke, lakini anza kwa kuangalia kabati lako.

Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa karani wa duka la agroveti mjini Eldoret. Aliwauzia wakulima mbegu za mahindi na dawa ya kuogesha ng'ombe, na harufu ya dawa hiyo ilimganda mikononi hata sabuni haikufua dafu. Jumamosi aligeuka mtu mwingine. Alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, Kabura Atembea, wenye wafuasi elfu kumi na moja, na humo aliandika mawazo yake juu ya mavazi, safari, chakula cha hotelini na upigaji picha.

Na mawazo alikuwa nayo, msidhani ni sura tu. Aliandika kwamba koti la Eldoret lipimwe saa kumi na mbili asubuhi, si saa saba mchana, kwa sababu mchana hata leso inatosha. Aliandika kwamba samaki wa hoteli fulani ya mjini anapendeza kumtazama kuliko kumla, na mwenye hoteli akampigia simu kumwambia asikanyage tena pale. Alikuwa ameshafika Iten kupigwa picha ukingoni mwa bonde, na Kisumu mara moja, akarudi na homa na picha tisini. Juu ya picha zenyewe aliamini jambo moja, akalirudia kila mara: picha nzuri ni ile inayomfanya mtu aulize, "Hapo ni wapi?" Mwaka huu swali hilo lilimponza.

Alikaa mtaa wa Kimumu na mama yake, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Mama Kabura alikuwa na miaka sitini na nne, presha isiyosikia dawa, na kibanda cha mboga nje ya lango. Walipendana, walitaniana, waligombania rimoti. Ila kulikuwa na neno moja ambalo halikutajwa ndani ya nyumba ile, nalo ni Burnt Forest.

Huko ndiko Kabura alikozaliwa, katika shamba la ekari mbili alilonunua baba yake, Ndungu, kwa jasho la miaka kumi na minne ya kuuza katika duka la watu. Ndungu alifariki kwa homa ya mapafu Kabura akiwa na miaka sita, akazikwa hapo hapo shambani, nyuma ya nyumba. Miaka miwili baadaye, Januari ile ya 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba ilichomwa, na mama na mtoto wakatoka na nguo walizovaa. Hati ya shamba iliungua ndani ya sanduku la bati. Mama Kabura hakurudi kule tena, hata kwa kupita tu njiani. Akiwa na safari ya Nakuru alipitia Ravine, mzunguko mzima huo, na hakumweleza mtu sababu.

Lakini shamba halikuachwa likiwa pori. Jirani yao, mjane aitwaye Jeruto, ambaye shamba lake lilitenganishwa na lao kwa ua wa kayaba, ndiye aliyelilima. Hapakuwa na mkataba wala shahidi. Kila msimu wa viazi, lori lilishusha magunia matatu Kimumu, na Mama Kabura akapiga simu.

"Zimefika."

"Haya, Mama Kabura. Na yeye ako salama."

Huyo yeye alikuwa Ndungu. Jeruto alilima pande zote za kaburi lakini hakupitisha jembe juu yake. Alilizungushia mawe, akapanda maua meupe, na kando yake akaacha kipande kitupu, upana wa kitanda, kisichopandwa kitu. Kipande hicho kilikuwa cha Mama Kabura. Wanawake hao wawili walikuwa wamekubaliana zamani, na mama hakuwa na ombi lingine duniani. "Nikienda, unipeleke kwa Ndungu," alimwambia binti yake kila presha ilipomlaza kitandani. "Jeruto anajua mahali."

Mpango huo wote ulishikiliwa na ukimya. Watu wa kule waliona Jeruto analima, wengine wakadhani ameachiwa, wengine wakadhani amenunua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Shemeji ya Jeruto, Kigen, mwenye trekta na maneno machache, alidhani kwamba mwisho wa yote shamba lingebaki kwao, na hakuwa na haraka. Alichokuwa nacho Ndungu kuonyesha kwamba aliwahi kuishi pale ni lile kaburi. Na kila mtu katika nchi hii anajua uzito wa kaburi kwenye shamba lisilo na hati: palipozikwa mtu, watu wake wana la kusema.

Kabura alielezwa haya yote akiwa na miaka kumi na minane, mara moja, mama akikatakata sukuma wiki bila kuinua macho. "Usiende kule," mama alimaliza. "Siku ya kwenda itafika yenyewe." Alielezwa waziwazi. Tusije tukasema baadaye kwamba hakujua.

Mwezi wa sita, duka moja la nguo la Nairobi linalouza mtandaoni lilimwandikia. Walikuwa wametoa mavazi mapya waliyoyaita Fundi: suruali za kaki zenye mifuko mpaka magotini, jaketi za rangi ya chungwa zenye mistari inayong'aa kama za watu wa barabara, buti nzito na kofia pana. Nguo za kazi kwa watu wasiofanya kazi hiyo, kwa kifupi, na mimi hapo nilicheka. Walichagua vijana kumi kutoka miji kumi. Kila mmoja angevaa mavazi hayo na kupigwa picha nyumbani, mahali alipozaliwa, na aliyependwa zaidi na watu angekuwa sura ya duka mwaka mzima.

Mwaka mzima bila dawa ya ng'ombe! Kabura alisoma ule ujumbe mara tano akiwa amesimama nyuma ya kaunta.

Angeweza kudanganya. Ukuta wa matofali uko kila mahali, na Nairobi wangejuaje? Lakini kwa miaka mingi alikuwa akitaka kuona alikozaliwa, na sasa alipata sababu ya kujidanganya kwamba anakwenda kwa ajili ya kazi. Au alikuwa akitaka ile kazi, akapata sababu ya kujidanganya kwamba anamwendea baba yake. Nadhani hata yeye hakuweza kuzitenganisha.

Alimpigia Felix Wesonga, mpiga picha wake. Felix alikuwa kijana mpole ambaye baba yake alikuja Eldoret kutoka Webuye kuwa karani wa kiwanda, na yeye mwenyewe aliishi kwa kupiga picha harusi na mahafali. Alikuwa mwangalifu mno kwa lenzi zake. Mambo mengine aliwaachia wenyewe.

"Mama, Jumamosi naenda Moi's Bridge," Kabura alisema Ijumaa jioni. "Picha za mahindi."

"Mahindi ya saa hii? Si hata bado hayajatoa ndevu?"

"Hiyo kijani ndiyo inapendeza."

Mama alimtazama kidogo kupita kawaida. "Haya. Vaa kitu kizito," alisema, kisha akarudi kwenye redio yake.

Walifika Burnt Forest saa tatu asubuhi kwa gari la mjomba wa Felix. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba na baridi ilikata masikio. Kabura aliongozwa na kumbukumbu za mtoto wa miaka minane: kanisa la mabati, kona, miti mitatu ya mwerezi. Miti ilikuwapo. Nyuma yake palikuwa na ukuta mmoja, umesimama peke yake na dirisha lake, mweusi upande wa ndani, na kuuzunguka viazi vilikuwa vimechanua maua meupe na ya zambarau mpaka kwenye ua.

Kabura alilia. Alilia kwa sauti, mkono mdomoni, na Felix akajifanya anafuta lenzi. Kisha, Mungu amsamehe, alifuta macho, akaangalia mbingu, akawaza kwamba mwanga ni mzuri sana na ungeisha ndani ya saa moja.

Felix alikuwa na mbinu yake. Alitaka video ambayo Kabura angebadilika nguo kwa kufumba na kufumbua: mara kaki, mara jaketi la chungwa, mara koti refu, yuko pale pale bila kusogea hata kidole. Kwa hiyo ilibidi kamera ikae kwenye stendi yake ya miguu mitatu, na Kabura arudi kusimama mahali pamoja kila alipomaliza kubadilisha. Felix alichonga vijiti vinne, kimoja kwa kila mahali pa kupigia, akafunga kila kimoja utepe mwekundu ili akione kwa mbali, akatoa futi ya fundi na kupima kutoka kwenye stendi. Kimoja alikipigilia mbele ya dirisha, kimoja penye lango la zamani, kimoja karibu na ua. Kwa cha nne alizunguka nyuma ya ukuta.

"Kabu, hii ni nini?" aliita.

Mawe yalikuwa yamepangwa kwa duara refu, safi, bila jani la gugu hata moja. Maua meupe yalikuwa na umande.

"Ni buda," Kabura alisema. Kisha akajirekebisha, kana kwamba amesikika. "Ni baba yangu."

Felix alivua kofia. "Pole. Basi hapa tuache?"

Kabura alimwambia baba yake mambo fulani moyoni, ambayo sitayasema kwa sababu ni yake. Halafu alitazama huku na huku, akaona kando ya mawe palikuwa tambarare, hapakupandwa kitu, na mwerezi ulikuja vizuri kwa nyuma.

"Usiache," alisema. "Hapa ndio nyumbani kabisa. Weka hapo." Felix akakipigilia kigingi cha nne katika ule udongo mtupu.

Sasa hebu simama barabarani uwatazame. Msichana wa kaki na jaketi linalong'aa, kofia pana, buti. Mwanamume ameinama nyuma ya mtambo wa miguu mitatu, jicho moja limefumba. Futi ndefu imenyooshwa chini. Vigingi vyenye utepe mwekundu huku na kule shambani. Mtu yeyote wa Uasin Gishu aliyewahi kuona shamba likigawanywa hahitaji kuelezwa anachokiona. Wanaume wawili waliobeba mitungi ya maziwa kwa pikipiki walisimama, wakatazama kitambo, wakaondoka. Hawakusalimu. Kabura aliwapungia mkono na hawakuurudisha.

Dakika chache baadaye mwanamke mzee alipita katikati ya viazi akikimbia, leso imemfunguka kiunoni.

"Nyinyi ni wa nani?" aliuliza kwa mbali. "Nani amewaleta hapa?"

"Habari ya asubuhi, Mama. Mimi ni Kabura. Wa Ndungu."

Jeruto alisimama. Alimshika uso kwa mikono miwili, mikono migumu yenye harufu ya moshi, na machozi yakamtoka papo hapo. "Kabura! Ule nilikuwa nabeba mgongoni? Umekuwa mkubwa hivi? Mama hajambo? Presha?" Kisha macho yake yakashuka kwenye jaketi. Yakaenda kwenye stendi, yakaenda kwenye utepe mwekundu, na mikono ikamwanguka.

"Mama yako ametuma mpime?"

"Hapana, Mama! Ni picha tu. Ni nguo za kuuza, tunapiga picha."

"Nguo." Jeruto alilitamka lile neno kama anayeonja kitu kilichoharibika. "Kuna watu wamepita hapo?"

"Wawili. Wa maziwa."

Mzee yule alifumba macho. Alipoyafumbua alikwenda kwenye vigingi, akaking'oa kimoja baada ya kingine kwa mkono wake, cha nne kwa nguvu zaidi, na kuviweka vyote chini ya kwapa. Hakuwakaribisha chai. Kwa mwanamke wa pale, mbele ya mtoto aliyembeba mgongoni, hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu.

"Kigen amepeleka maziwa. Akirudi asipate nyinyi hapa. Mimi nitasema mlikuwa watu wa netiwaki, mnatafuta mahali pa kuweka mlingoti." Alimkazia macho Kabura. "Lakini hiyo picha, mtoto wangu, usionyeshe watu. Wakiona uso yako na hii shamba pamoja, mimi sitakuwa na maneno tena. Umeelewa? Niambie umeelewa."

"Nimeelewa, Mama."

"Uniahidi."

"Naahidi."

Aliitunza ahadi hiyo siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Jumatano, siku ya mwisho ya kutuma. Picha ya kando ya mawe ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupigwa, na hilo si maneno yake tu, mimi niliiona: jaketi la chungwa katika ule ukungu, mwerezi nyuma, uso wenye huzuni ya kweli ambayo wanamitindo wengine huigiza kwa shida. Kabura alijiuliza nani Burnt Forest anafuata kurasa za mavazi. Alijijibu kwamba hakuna. Aliandika chini yake, "Nyumbani. Hapa ndipo nilipoanzia," hakutaja mahali, na akaituma akiwa kazini.

Mchana watu walikuwa wamefurika. Mioyo, makofi, na lile swali lake alilolipenda, mara arobaini, mara sitini. Hapo ni wapi? Hapo ni wapi, mrembo? Hakujibu. Alitabasamu peke yake nyuma ya kaunta.

Saa kumi jioni mtu alijibu kwa niaba yake. "Hapo ni Burnt Forest, kwa marehemu Ndungu. Hiyo miti naijua."

Chini yake mwingine akaandika, "Kwani wamerudi?"

Na mwingine, "Si mlisikia kulikuwa na wapimaji? Wanauza."

Kabura alifuta yale maneno, yakaja mengine. Angeifuta picha yenyewe na huenda mambo yangeishia pale. Lakini picha ilikuwa inaongoza, kati ya vijana kumi ilikuwa ya kwanza, na upigaji kura ulikuwa unafungwa Jumapili. Siku nne tu, alijiambia. Siku nne zinaweza kudhuru nini? Hapo simtetei.

Ijumaa mwanamume aliyevaa suti iliyopauka aliingia agroveti. Aliangalia mbegu, akaangalia dawa, hakushika kitu.

"Wewe ndio Kabura wa Ndungu?"

"Naam?"

"Niko na mteja wa hizo ekari mbili. Mnauza yote ama mnakata ploti?"

"Hatuuzi. Hakuna shamba linauzwa."

Yule mtu alicheka kwa upole. "Hivyo ndio watu husema wakishapata mteja mwingine. Dada, si nimeambiwa na watu waliona vigingi? Mimi hata nimefika huko jana kuangalia, na si mimi peke yangu. Tulikutana hapo wanne. Ule jamaa wa trekta alitufukuza." Alimwachia kadi kwenye kaunta. "Huyo mtu hajafurahi. Mngekuwa mmeongea na yeye kwanza."

Simu zilianza hapo. Madalali, mmoja baada ya mwingine, sauti tamu, wote na mteja, wote wameona. Alijifunza kukata kabla hawajamaliza salamu. Moja haikuwa ya dalali. Ilikuwa sauti ya mwanamume asiye na haraka, na iliuliza neno moja tu.

"Mama yako bado anaishi Kimumu?"

Kisha ikakatika. Kabura aliifuta picha dakika hiyo hiyo. Duka la Nairobi liliandika kuuliza kulikoni, halafu likamchagua msichana wa Nyeri. Kabura alisoma habari hiyo na hakusikia chochote. Alikuwa akisikiliza lango.

Kuanzia siku hiyo alitembea akiwa ameshika roho mkononi. Alimkataza mama kukaa kibandani peke yake, akasingizia vumbi. Aliamka alfajiri kuangalia kama kufuli liko. Kwa Jeruto hakupiga simu, maana angesema nini? Felix alimwambia zaidi ya mara moja, "Mwambie mathe wako. Akijua mapema ataongea na Jeruto wapange kitu."

"Nitamwambia viazi zikikuja," Kabura alijibu. "Zikikuja nitajua hakujaharibika kitu."

Viazi havikuja. Mwezi wa saba uliisha. Wa nane ukaingia, na Mama Kabura akaanza kutoka nje kila aliposikia lori likipunguza mwendo. Alikuwa amefagia kona ya jikoni tayari kwa magunia. "Labda ni mvua," alisema. "Jeruto hajawahi kuchelewa hivi. Labda ni barabara." Kabura alisema ndiyo, labda ni barabara. Kila jioni alifungua kinywa kumwambia, na kila jioni alimwona mama ameinama juu ya miguu yake iliyovimba, akakifunga.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, mama ameketi kwenye stuli mlangoni anamenya ndizi. Simu yake ililia. Ilikuwa ile simu ya vibonye ambayo spika yake ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo kila mtu aliyempigia alisikika nyumba nzima.

"Jeruto!" mama alisema kwa furaha. "Nilikuwa nasema leo nikutafute."

"Mama Kabura. Unisamehe."

Kisu kilisimama kwenye ndizi.

"Kigen aliingia na trekta jana mchana. Mimi nilisimama mbele yake. Walinishika mkono wakanitoa. Alisema madalali wanakuja mpaka kwa lango yake, alisema hataamka siku moja apate mtu hajui amejenga hapo. Alisema hao wapimaji wakirudi wasipate alama ya mtu yeyote." Pumzi yake ilisikika ikipanda na kushuka. "Walianza na ukuta. Halafu wakaenda nyuma."

Mama aliishusha ndizi mapajani.

"Mawe walibeba wakatupa kwa mto. Ua wa kayaba waling'oa, na ile miti mitatu pia. Leo asubuhi nimeenda kutafuta mahali, nimejaribu kupima na hatua, lakini hakuna kitu ya kuanzia. Ni udongo tu, yote inafanana. Mimi nimekaa na yeye miaka kumi na saba, Mama Kabura, na sasa sijui ako wapi."

"Wapimaji gani, Jeruto?"

"Si wewe ulituma mtoto?"

Mama Kabura aliinua macho kutoka kwenye simu, taratibu, mpaka yakafika kwa binti yake aliyesimama karibu na meza na chupa ya chai mkononi. Alimtazama hivyo mpaka akapata jibu lake.

"Wewe umeumia?" aliuliza ndani ya simu.

"Mkono tu."

"Uweke maji ya chumvi ya moto. Asante kwa kuniambia." Akakata.

Kabura alipiga magoti. Alisema yote, bila mpangilio, Moi's Bridge ambayo hakwenda, ahadi, siku nne, mtu wa suti, sauti iliyouliza. Alisema alidhani hakuna atakayeona. Alisema alitaka tu kuacha kazi ya dawa ya ng'ombe. Alingoja kofi na alilitamani. Mama aliendelea kukaa na ile ndizi iliyomenywa nusu mapajani, mpaka maneno ya binti yakaisha.

"Ulipiga picha na yeye?"

"Ndiyo, Mama. Nilifuta, haiko tena kwa mtandao. Lakini kwa simu iko."

"Nionyeshe."

Kabura aliitafuta, akampa simu. Mama alivaa miwani yake, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Lile jaketi la chungwa lilijaa kioo kizima. Pembeni, nyuma ya goti la Kabura, yalionekana mawe mawili na ua moja jeupe, na hayo tu ndiyo yaliyobaki duniani kuonyesha mahali Ndungu alipolazwa. Mama aliweka kidole juu ya picha na kusukuma kuelekea kushoto. Picha iliteleza kidogo, ikarudi. Akasukuma tena, polepole, vile mtu anavyomsogeza mtoto aliyesimama mbele ya televisheni.

"Sogea kidogo," alisema.

"Mama, hiyo ni picha. Haiwezi kusogea."

"Najua ni picha." Aliendelea kusukuma. "Lakini hapo umeweka buti ndipo pangu."

Kioo kilizima mikononi mwake, kikawa cheusi. Mama Kabura hakuinua kichwa.

"Iwashe tena," alisema, na Kabura akaiwasha.